Nilivyomnyang'anya Kapteni Usukani

Bado nina hasira, siwafichi. Tangu nipate leseni ya kufundisha urubani, kila shirika la ndege linaniambia neno lile lile: fundisha kwanza upate uzoefu. Haya, nikafundisha. Huko kufundisha ndiko kulikoniponza!

Juzi kapteni wa shirika moja, mwanamke mpole, alikuja kunipima kama nafaa kuajiriwa, kwenye kiwanja chetu cha ndege hapa Kakamega. "Leo wewe ni msaidizi wangu," akaniambia. Tuliporudi kutua, akaileta ndege ikiwa juu mno kuliko inavyotakiwa. Msaidizi humwambia kapteni kwa adabu. Lakini mkono wangu umezoea wanafunzi! Nikampiga kibao vidoleni: "Achilia! Nimeshika mimi!" Nikatua vizuri, kisha nikamgombeza mpaka tukafungua mlango na kushuka.

Nje, mamangu alikuwa amefika kutoka Lurambi na ingokho, kuku wa kunipongeza. Akasikia yote. Akamshika kapteni bega. "Pole, msichana wangu. Usife moyo. Huyu atakufundisha tu mpaka ujue."

"Ameshanifundisha, mama," kapteni akajibu. "Nilikosea makusudi, nione kama anaweza kuwa msaidizi."