Mtu wa Upondo

Ukitaka kunicheka, nicheke sasa tumalize, maana sibadilishi hata neno. Haya niliyaona kwa macho yangu, Dubai, miaka ile reli ya juu inajengwa.

Nilikuwa mfanyakazi wa ndani. Sir, mwenye nyumba, alinunua picha ya kuchorwa, ya zamani, ya Marekani, akaitundika sebuleni. Mto mpana wa maji ya tope, mashua bapa imejaa kuni. Juu ya kuni mmoja anapiga fidla, wawili wanacheza karata, mwingine anacheza dansi miguu peku. Nyuma kabisa, kivulini, mtu mweusi ameshika upondo, anaisukuma mashua peke yake. Wageni waliisifu: maisha ya raha hayo. Yule wa nyuma hakuna aliyemtaja.

Tangu picha ije, kila asubuhi chini yake palikuwa na maji ya tope, na kila asubuhi madam alinifokea mimi. Napiga deki, nafokewa, napiga tena. Kwani mimi ndiye niliyeuleta mto sebuleni?

Siku moja wenye nyumba wote wakaenda Hatta, kule milimani, kulala huko. Magharibi naingia kufunga mapazia, namkuta mtu amesimama kwenye zulia, anachuruzika maji. Nilimjua papo hapo. Kwenye picha, mahali pake palikuwa patupu.

"Dada," akasema, kwa Kiswahili kama changu, "nishikie upondo huu. Nikae kidogo tu."

Niamini, woga ulikuja baadaye. Kwanza ilikuja hasira. Tangu alfajiri sijaketi. Ananituma madam, wananituma watoto, sasa na mzimu?

"Waambie wanaocheza karata," nikamjibu. "Wana mikono."

Akainama. "Hawanisikii."

Hapo akaingia Sadiki, mtunza bustani, mtu wa Kilifi, amefuata maji ya kunywa. Sadiki alikuwa mpole kupita kiasi. Yeye aliona mtu amechoka, basi.

"Leta nikushikie, mzee."

"Sadiki, usishike," nikamwambia. Nikamvuta shati.

"Ni mti tu, dadangu."

Akaushika. Shati likanitoka mkononi kama maji, na Sadiki hayupo. Yule mgeni akaketi chini, akanyoosha miguu, akalia kwa kwikwi. Kisha akafungua mlango akaenda zake. Nikainua macho. Nyuma ya ile mashua, ameshika upondo, alikuwa Sadiki na ovaroli yake ya kijani.

Sir aliporudi nilimwonyesha. Akaisogelea picha, akasema mchoraji alijua kutumia rangi. Madam akapiga simu polisi kwamba mtunza bustani ametoroka. Ametoroka, Sadiki, aliyekuwa akiaga hata akienda dukani. Baadaye picha ikauzwa, sijui imo nyumba gani.

Sasa niko Tanga. Nikisikia fidla harusini, naondoka. Mama yake Sadiki bado hunipigia simu, ananiambia mwanawe si wa kutoroka. Namwambia najua. Zaidi ya hapo nimwambie nini?

Wewe unayekwenda kufanya kazi kwenye majumba ya watu, sikia. Ukikuta picha ukutani, wamejaa wanaostarehe, mtafute anayefanya kazi. Akishuka kukuomba umshikie, mwonee huruma, lakini mikono yako iweke nyuma. Na akiwa ni Sadiki, mwambie kwamba mama yake yuko hai, na hajaamini walivyosema.