Propela Chini ya Kitanda cha Wageni

Chini ya kitanda cha wageni, nyumbani kwetu Kahororo, ndiko zilikokaa propela za akiba za boti ya mume wangu, zimefungwa kwenye magunia ya kahawa. Mgeni aliyelala chumba hicho aliombwa asiyavute magunia hayo, kwa sababu kingo za mabawa ya propela ni kali na zilishamkata mtu kidole cha mguu. Siku moja shemeji yangu wa Izimbya, ambaye hajawahi kupanda boti maishani mwake, alifungua gunia, akaiweka propela mapajani, akaigeuzageuza, kisha akauliza kama ni kifaa cha kukobolea kahawa. Mume wangu akamweleza kwamba hicho ndicho kinachokaa nyuma ya injini, ndani ya maji, kikazunguka na kuisukuma boti. Shemeji akasema, kwa hiyo ni feni. Mume wangu akakubali kwamba ni feni.

Boti yenyewe ililala Kemondo. Ilibeba watu na mizigo kwenda Bumbire na visiwa vingine vya Muleba. Ilikwenda na mikungu ya ndizi, mkaa, saruji na magodoro, ikarudi na dagaa, na abiria walionuka dagaa. Pale mwaloni, boti zinapotia nanga, kitu chochote cha chuma kisichofungwa kwa mnyororo kilipata mwenyewe mwingine kabla hakujapambazuka, kwa hiyo propela zilikaa kwetu. Mume wangu alipokwenda safari alichukua moja, na alipotoka safari aliirudisha. Kwa miaka mingi ndivyo nilivyojua kama amefika salama. Nilipokuwa jikoni nikasikia gunia likiburutwa kwenye sakafu ya chumba cha wageni, niliongeza maji kwenye sufuria.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Sijui kuogelea, wala sina hamu ya kujifunza. Mambo ya propela niliyajua kama mtu anavyoujua ugonjwa wa mwenzake, kwa kuusikia kila siku. Nilijua kwamba kiangazi maji yakipungua mawe yanasogea juu na bawa linaweza kukatika kama kipande cha sahani. Nilijua kwamba wavu uliotupwa ukijizungusha kwenye propela injini huzima, na kwamba mpira ulio katikati ya propela ukichoka injini hulia kwa nguvu zote lakini boti haiendi. Nilijua pia kwamba kuna propela ya mzigo na propela ya mbio, na kwamba kwa macho yangu zote ni moja.

Lakini propela hizo hazikuwepo tangu mwanzo. Zilikuja kwa sababu ya siku moja.

Mume wangu aliianza kazi hii na rafiki yake, mtu wa Kaagya. Walisafiri pamoja kwa meli hadi Mwanza, wakanunua injini mbili za aina moja katika duka moja, wakarudi wamezikalia kama watu wanaolinda mahari. Kila mmoja alikuwa na boti yake, lakini walipangiana zamu na kuazimana mafuta. Yeye ni Mkatoliki, sisi ni Walutheri. Krismasi tulikula kwao, Pasaka walikula kwetu. Msimu wa senene mke wake aliniletea kikapu cha panzi hao, waliokwisha kunyonyolewa mbawa na miguu, kazi ambayo mimi sina subira nayo, na mimi nilimpa kahawa ya kutafuna. Yule bwana aliniita shemeji, na watoto wetu walimwita baba mdogo.

Siku hiyo mume wangu alikuwa anarudi kutoka Bumbire na abiria wachache. Katikati ya ziwa injini ikabadilisha sauti ghafla, boti ikapoa. Alipoiinua injini kutoka majini hakukuta propela. Pini inayoishika nati ilikuwa imekatika, nati ikafunguka, propela ikazama. Hakuwa na nyingine. Wakati ule hakuna aliyebeba nyingine. Walichukua mbao za sakafu ya boti wakaanza kupiga makasia, lakini kila mara upepo uliwarudisha walikotoka.

Mchana ikatokea boti ya rafiki yake, imejaa watu, inaelekea Kemondo. Mume wangu alivua shati akalipunga. Wanawake wakapunga kanga. Boti ile ikapita. Ilipita karibu kiasi kwamba waliweza kuona nani amevaa koti la rangi gani. Haikupunguza mwendo. Upepo ukawasukuma kusini mpaka asubuhi ya pili wakaingia kwenye matete upande wa Muleba, wakashuka wakitembea ndani ya maji yaliyowafika kiunoni. Hakuna aliyekufa. Bibi mmoja aliugua kifua kwa muda mrefu. Mume wangu alipanda hadi barabarani, akaomba lifti kwenye lori la ndizi, akafika nyumbani, akaniomba uji.

Baada ya siku chache alikwenda kumuuliza rafiki yake. Yule bwana akasema hakuwaona, jua lilikuwa machoni. Mume wangu akasema sawa. Hawakugombana. Nilisubiri ugomvi, nikadhani utakuja na kupita, lakini haukuja. Ila tangu siku hiyo hawakukaa tena pamoja, zamu kila mtu alijipangia yake, na msimu wa senene ulipofika kikapu hakikuja. Mume wangu alianza kununua propela. Alinunua ya kwanza, akanunua ya pili, na akipata safari ya Mwanza alirudi na nyingine, hata kama hakuna iliyokatika. Nilipomuuliza za nini zote hizi, alisema ziwa halina duka.

Miaka ikapita hivyo. Watoto wakaenda sekondari za bweni.

Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani. Mume wangu alikuwa amepitiliza kwenda Izimbya kuangalia kahawa ya baba yake, na simu yake ilikuwa imeishiwa chaji. Nilikuwa nyuma ya nyumba namenya ndizi nikasikia pikipiki inasimama. Nilipotoka, yule bwana wa Kaagya alikuwa mlangoni ameshika kofia. Alikuwa amekonda kidogo. Alinisalimia kwa Kihaya, kwa adabu ya mtu anayesalimia nyumba ya mkwe, na hakuniita shemeji. Aliniita mwalimu.

Nilimkaribisha ndani. Akakaa ukingoni mwa kiti. Akaniambia kwamba kaka yake mkubwa, aliyekuwa na biashara ya dagaa Bumbire, amefariki usiku wa kuamkia jana. Nikampa pole. Mazishi yalikuwa kesho yake Kaagya, na vijana walikuwa wanachimba kaburi kibanjani, kwenye shamba la migomba la nyumbani kwao. Maiti bado ilikuwa kisiwani, na joto lile la kiangazi kila mtu alilijua. Jana yake alitoka kuifuata, akagonga jiwe kabla hajafika mbali, mabawa mawili yakakatika, akavutwa kurudi. Boti nyingine kubwa zilikuwa zimekwenda visiwani, na zilizobaki Kemondo, ukiacha ya mume wangu, zilikuwa na injini ndogo ambazo propela zao hazikuingia kwenye injini yake. Ya mume wangu ingeingia.

Nilianza kuinuka. Akaniomba nikae kwanza.

"Kabla hujanipa, nikwambie jambo moja," alisema. "Ile siku nilimwona."

Nilikaa tena kitini.

"Niliona shati, nikamjua. Boti yangu ilikuwa imejaa kupita kiasi na upepo ulikuwa umeanza. Niliogopa kugeuza. Nikajiambia kuna boti nyingine nyuma yangu, itawachukua."

"Ilikuwepo?"

"Haikuwepo."

Nilimuuliza kwa nini hakusema hivyo alipoulizwa. Alisema siku ile aliona aibu, na neno la jua lilikuwa limeshatoka mdomoni, na baada ya hapo kila siku iliyopita ilifanya iwe vigumu zaidi. Alisema asingeweza kubeba propela ya mtu huyu kwenda kumchukua ndugu yake huku jambo hilo bado liko tumboni. Aliyasema haya akiangalia kofia yake. Kisha akasema kama nitamnyima ataelewa.

Ningependa kusema kwamba nilifikiria mambo makubwa wakati ule, lakini sikuyafikiria. Nilifikiria yule marehemu, ambaye niliwahi kumwona mara moja kwenye harusi, mtu mnene mwenye kicheko kikubwa, amelala kwenye kibanda cha mabati. Nikaingia chumba cha wageni nikavuta gunia. Nilichukua ya mzigo, kwa sababu kungekuwa na jeneza na watu. Niliitambua kwa alama ya rangi nyeupe ambayo mume wangu aliipaka kwa ajili yangu. Nikaongeza pini mpya na nati, ambavyo vilikaa kwenye kopo la majani ya chai. Yule bwana aliifunga nyuma ya pikipiki kwa mpira, akaijaribu kwa mkono kama imekaza, akaondoka.

Mume wangu alirudi mchana. Alikaa kwenye jiwe karibu na bomba akaanza kuosha miguu, maana Izimbya kulikuwa na vumbi. Nikamwambia yote hapohapo nikiwa nimesimama, msiba, propela, na maneno ya yule bwana kama alivyoyasema. Sikuona faida ya kupunguza kitu. Aliendelea kuosha mguu mmoja.

"Najua," alisema. "Alipotufikia aligeuza uso upande wa pili. Asiyekuona ageuze uso kwa nini?"

Nilimuuliza kwa nini basi alikubali lile neno la jua. Akasema angefanya nini, na wote wawili wanatumia ziwa hilohilo. Kisha akauliza nimempa ipi. Nikamwambia ya mzigo. Akauliza kama nimempa na pini. Nikasema nimempa. Akamaliza kuosha miguu, akaifuta, na badala ya kuvaa ndala akavaa tena viatu. Aliingia ndani, nikasikia gunia linaburutwa. Alitoka na propela nyingine.

Nilimuuliza anakwenda wapi wakati hata hajala. Alisema yule mtu anaendesha boti akiwa na msiba kichwani, na mawe ya kule kiangazi hiki yako juu, atagonga tena. Nikamfungia ndizi na maharage kwenye bakuli la plastiki. Alizichukua bila kuziangalia.

Yaliyotokea majini sikuyaona, na yeye si mtu wa kusimulia. Ninajua kwamba alimkuta mwenzake ameshafika kisiwani, wakalala huko msibani, na asubuhi zikarudi boti mbili. Ya mbele ilibeba jeneza na ndugu, ya nyuma ilibeba majirani wa kisiwani waliotaka kuzika. Mtu mmoja aliyekuwa ndani ya boti ya nyuma aliniambia baadaye kwamba mume wangu njia nzima hakuachana na ile ya mbele, na kwamba kila ilipopunguza mwendo naye alipunguza.

Niliomba ruhusa shuleni nikaenda Kaagya. Kaburi lilikuwa katikati ya migomba, udongo mwekundu umerundikwa juu ya majani makavu, na mibuni ya pembeni ilikuwa imekatwa matawi ili watu wapite. Wanawake tulikaa chini kwenye nyasi zilizotandazwa. Padri alisema maneno mafupi kwa sababu ya hali ya mwili. Mume wangu alikuwa na wanaume wa mwaloni, na walipoanza kurudishia udongo alipokea jembe kutoka kwa aliyemtangulia, akafanya sehemu yake, akalipitisha kwa mwingine. Yule bwana alisimama upande wa pili wa kaburi. Alipopewa nafasi ya kushukuru aliwashukuru waliokuja kwa barabara na waliokuja kwa maji, wote kwa pamoja, na hakutaja mtu. Niliona kwamba mume wangu alifurahia kutotajwa. Mke wa yule bwana alinifuata tulipokuwa tunanawa, akanishika mkono muda mrefu.

Nilitarajia kwamba baada ya pale mambo yangerudi. Hayakurudi. Krismasi tulikula kwetu na wao wakala kwao. Lakini wiki chache baada ya mazishi yule bwana alikuja na propela ndani ya gunia jipya. Bawa moja lilikuwa na mkwaruzo. Alimwonyesha mume wangu mwenyewe kabla hajaulizwa, akasema alipitia kwenye mchanga wakati wa kutia nanga. Mume wangu akapitisha kidole gumba ukingoni, akasema inafanya kazi. Wakakaa barazani wakazungumza habari za mafuta yanayochanganywa na maji, na fundi fulani wa Bukoba mjini anayefungua injini asiweze kuifunga. Nikawapelekea chai. Walizungumza kama watu wawili wanaofanya kazi moja, basi. Mvua ilipoanza kunukia akaomba ruhusa akaondoka.

Siku hizi yule bwana amehamia Muleba, analaza boti yake huko. Hupigiana simu asubuhi kabla hawajaondoka, kuulizana upepo. Upande wa Muleba huuona upepo wa kusini mapema, na upande wetu huona mawingu yanayotoka Uganda. Mume wangu hutoka nje akasimama kati ya migomba, kwa sababu hapo ndipo mtandao unapokamata vizuri. Dirisha la jikoni linatazama huko. Namwona akiinua kichwa kuangalia juu, akitaja alichokiona, kisha akinyamaza kumsikiliza mwenzake. Sauti ya upande wa pili hunifikia, lakini maneno siyasikii.