Chokaa ya Shangazi na Watu wa Bima

Mimi nina hasira, na sitaki mtu aniambie nitulie. Aliyedhulumiwa ni shangazi yangu, na yeye mwenyewe ametulia tuli kama maji mtungini. Utulivu wake huo ndio unaonizidishia hasira.

Shangazi anasaga unga. Mashine yake iko sokoni, chumba kimoja cha matofali kilichobanwa kati ya duka la mbegu na kibanda cha fundi cherehani. Watu humwita Mama Unga, kwa sababu ikifika saa nne asubuhi nyusi zake zimeshakuwa nyeupe. Mumewe alipofariki alimwachia mashine hiyo na sifa ya kutomwibia mtu kwenye mizani, na vyote viwili amevitunza. Hana shamba wala mwana wa kumtumia hela. Ana ile mota, mkanda wake na chekeche zake.

Tena ni mtu wa usafi hadi kero. Jioni wenzake wakishafunga na kuondoka, yeye bado yuko na brashi anasugua mota kama anayemwogesha mtoto. Unga ukilala chini huleta panya, husema, na panya huleta maneno. Ukiingia kwake na viatu vya tope atakuuliza kama kwenu hakuna mlango.

Wakala wa bima alipokuja kwake mara ya kwanza alivua viatu. Ni kijana wetu wa hapa hapa, mtoto wa seremala, na adabu anayo. Alitandaza ramani juu ya gunia la mahindi, akamwonyesha rangi ya buluu iliyolizunguka soko.

"Lakini mto uko kule ng'ambo," Shangazi alimwambia.

"Maji hayaulizi umbali, Shangazi. Yanauliza mteremko."

Akaeleza vizuri, hilo namsifu hata kwa hasira hii niliyonayo. Zamani mto ukijaa ulikuwa unamwaga maji kwenye kinamasi kule juu. Kinamasi kimekaushwa, watu wamelima. Barabara mpya nayo imeinuliwa ikawa ukuta, na kalavati walilolitia chini yake ni jembamba, haliwezi kumeza mto. Siku maji yakikosa pa kwenda yatakuja kulala sokoni. Akasema pia kwamba bima ya moto aliyokuwa nayo Shangazi haigusi mafuriko hata kidogo. Ya mafuriko inakatwa peke yake.

Shangazi akakata. Soko zima likamcheka.

"Mama Unga, huo ni uchuro," fundi cherehani alimwambia. "Unalipia msiba ambao haujatokea?"

"Na wewe mbona jioni unafunga kufuli? Mwizi ameshakuja?"

Maji yalikuja mchana, kwetu jua linawaka. Mvua ilikuwa imenyesha kule milimani. Kwanza tulisikia kuku wanapiga kelele nyuma ya soko, kisha tukaona maji ya kahawia yanapita kati ya meza za nyanya bila haraka, kama mnunuzi. Hatukupoteza mtu, tunashukuru. Lakini kwenye chumba cha Shangazi yalifika kifuani, na mota ikalala majini.

Yalipopungua aliazima simu akampigia wakala. Wakala akampa pole nyingi, akamwambia mkaguzi kutoka mjini atakuja Alhamisi.

Hapo ndipo tulipoharibu. Shangazi alisikia neno moja tu: atakuja. Na mtu akisema atakuja, huyo ni mgeni. Kwetu mgeni hapokelewi penye tope. Hata nyumba ikiwa na maiti ndani, kuna mtu atakayeshika ufagio kwanza. Kwa hiyo tulikwangua tope kwa majembe, ukoo mzima na majirani, tukaosha sakafu hadi ikawa safi kuliko zamani. Unga uliooza tukaufukia kwa sababu ya harufu. Mota ilifunguliwa, ikaoshwa, ikapanguswa kwa mafuta. Ukuta ulikuwa na mstari wa tope unaochukiza macho, tukaupiga chokaa juu hadi chini. Wakala alipofika kutoa pole alitukuta na brashi mikononi. Akakunja mikono ya shati lake lililopigwa pasi, akachukua brashi na yeye.

"Anayekuja ni mkubwa wangu," alisema. "Msinitie aibu."

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi mgeni akaja. Aliwekewa kiti kilichofutwa mara mbili. Akazungusha macho chumbani, akauliza maji yalifika wapi. Shangazi akaweka kiganja kifuani.

"Mimi naona ukuta mweupe, mama."

"Tumeusafisha kwa ajili yako."

Akauliza kama kuna picha. Picha! Nani atasimama kupiga picha aibu yake? Akauliza uko wapi unga ulioharibika, tukamwonyesha shimo lililofukiwa. Akaishika mota, akautazama mkono wake ulivyobaki safi, akaondoka. Jibu lililokuja lilisema hakuna ushahidi kwamba maji yalifika kwenye mota, na kwamba huenda mota iliungua kwa sababu nyingine. Kwa hiyo hakuna malipo.

Nilimfuata wakala nyumbani kwao nikiwa na nia ya kumtia adabu. Nilimkuta amekaa nyuma ya karakana ya baba yake, juu ya maranda, hana hata soksi.

"Kaka, nipige tu," aliniambia. "Walinifundisha kuuza. Ya siku ya pili baada ya maji hakuna aliyenifundisha."

Ningempiga vipi? Hasira ikabaki mkononi, haina pa kwenda. Kumbe wale waliomtuma walijua kila kitu. Walijua tope ndilo shahidi, wakamtuma kijana asiyejua hilo kwa watu wasioweza kulala na tope ndani. Na malipo ya kila mwezi walikuwa wakiyapokea bila kuuliza ushahidi.

Baadaye watu wa kampuni wakaja kutupa elimu. Sasa soko zima lilikuwa na hofu na kila mtu anataka bima, hata fundi cherehani. Afisa kutoka makao makuu akaweka mashine yake ya kuonyeshea picha katika ukumbi wa shule, akatuonyesha mito ya rangi na nyumba zenye mishale. Kisha akasema ana swali la zawadi.

"Maji yakishapungua, mwenye bima anatakiwa aanze na nini?"

Shangazi, aliyekaa mbele, akasimama.

"Asifagie."

"Hongera sana, mama!" Afisa alishuka mwenyewe akamvalisha kofia ya kampuni, watu wakapiga makofi. "Hebu tuambie, umejifunza wapi?"

"Kwenye mashine yangu, mliyokataa kuilipia."

Makofi yakafa. Afisa akacheka kidogo, akasema hilo wataliongea pembeni, mama akae. Shangazi hakukaa.

"Mama Unga, keti bwana, hatuoni," fundi cherehani alilalamika nyuma yake. Alipoona haketi, akasimama ili aone. Waliokuwa nyuma yake nao wakawa hawaoni, wakasimama. Haukupita muda, ukumbi wote uko wima, kila mmoja akinyoosha shingo tu. Lakini afisa hakujua hivyo. Aliona umati umemsimamia, akarudi nyuma hadi akaegemea ukuta, akalegeza tai.

"Mama, sisi hatukusema wewe ni mwongo."

"Mlisemaje?"

"Tulisema hakuna ushahidi."

Shangazi akautazama ukuta aliouegemea yule afisa. Ukumbi wa shule si wa mtu, hakuna aliyeuona kuwa ni wake wa kusafisha. Mstari wa tope ulikuwa umeuzunguka pande zote nne, umekauka, umefika kifuani. Na shule yetu iko usawa mmoja na soko, maji hayafiki shuleni bila kupita sokoni.

"Mwanangu," Shangazi alimwambia, kwa sauti ile ile anayoulizia mtu kama anataka unga laini au wa chenga. "Mimi nakuuliza wewe, si kampuni. Maji yaliingia kwangu, hayakuingia?"

Afisa aliutazama ukuta, kisha akaona vumbi la tope kwenye kiwiko cha koti lake. Akalipangusa polepole.

"Yaliingia, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Kila mtu anajua yaliingia."

Shangazi akavua kofia, akamwekea juu ya meza.

"Rudia," alisema. "Wa nyuma hawakusikia."

Hakurudia. Aliinama, akaanza kukunja nyaya za mashine yake.