Piki ya Baba Ndani ya Shimo

Baba yangu alikufa piki yake ikiwa imefunguliwa. Kichwa cha injini alikuwa amekishusha, silinda ameiweka pembeni na kuifunika kwa kipande cha kikwembe, kitenge cha zamani cha mama. Ilikuwa piki ya zamani, ya tangi jekundu, ambayo alipanda nayo milimani Masisi kununua maharagwe tangu sijazaliwa. Katika miezi yake ya mwisho kifua kilimbana na kichwa kilimuuma. Daktari alimpima, akampa dawa, lakini jina la ugonjwa hatukuambiwa. Hata hivyo, kila asubuhi alishuka shimoni kufanya kazi kidogo kidogo, mpaka siku ambayo mama alimkuta ameegemea gurudumu kama mtu aliyesinzia. Hakuamka.

Shimo hilo liko nyuma ya nyumba yetu, mtaani Ndosho. Waliojenga mtaa walichimba pale mawe ya volkeno, wakaacha bonde dogo lenye kuta pande zote. Baba aliweka bati juu, akapafanya karakana yake. Upepo haufiki kule. Hata sauti za barabarani zinafika zikiwa zimefifia.

Matanga yalipokwisha, nilimwambia mama kwamba nitaimaliza ile kazi. Mimi ni mshonaji, lakini tangu utoto nilimshikia baba funguo na taa, na mikono yangu ilikuwa inajua njia.

“Ile piki iache,” mama alisema. “Muzee hakuimaliza. Na wewe usiimalize.”

Sikumsikiliza. Kila alasiri, nikishafunga cherehani, nilishuka. Nilikwangua masizi juu ya pistoni mpaka chuma kikang’aa. Nilitafuta pete mpya za pistoni kwenye karakana za mtaani, nikamkuta mzee mmoja aliyekuwa nazo ndani ya kopo la maziwa. Nilisugua valvu kwa dawa ya mchanga, nikizungusha kijiti kati ya viganja, mpaka zikakaa vizuri kwenye vikalio vyake. Kazi ngumu ilikuwa kurudisha silinda: unabana pete kwa vidole, unateremsha polepole, na ukiharakisha tu, zinavunjika. Ilipoingia, nilijikuta nacheka peke yangu.

Alasiri ile ile niligonga kiki. Ikawaka. Mama alisimama juu, ukingoni, akajifunika uso kwa kitambaa.

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na baridi, hewa imetulia kabisa. Nilishuka kuiwasha tena. Injini ilishika, ikanguruma mara moja, kisha ikaanza kukwama. Ilivuta, ikakatika, ikavuta tena kwa shida, ikakoroma, ikanyamaza. Sauti ile niliijua. Ndivyo baba alivyokuwa akipumua akipanda kutoka shimoni, mkono ukutani.

“Umesikia vile inapumua?” mama aliuliza kutoka juu. “Njo yeye, muzee.”

“Mama, ni mashine tu.”

“Mashine haikohoe hivyo.”

Nilifungua kila kitu upya. Pete zilikuwa nzima, valvu zimefunga vizuri, buji, plagi yake, inatoa cheche, mafuta yanafika. Alasiri nikaiwasha: ikaimba kama kawaida. Asubuhi ikafa tena. Ikawa hivyo siku baada ya siku. Nilianza kuogopa kushuka asubuhi, na bado nilishuka. Nikiinama karibu na injini, kichwa kilinigonga na mdomo ukawa mchachu, kama nimelamba sarafu. Nilidhani ni petroli. Asubuhi moja kuku wa mama alipatikana amekufa kando ya gurudumu, hana jeraha. Mama alimshika miguu, akaenda kumtupa, akarudi na mshumaa uliobarikiwa kanisani.

“Nitamwombea,” alisema. “Kama anatukatalia, atuambie.”

Aliuwasha akiwa juu, akanipa nikauweke chini karibu na piki. Niliteremka nao, mkono mmoja ukikinga mwali, ingawa upepo haukuwepo. Nilipoinama kuuweka, ukazimika. Nilipanda, mama akauwasha tena. Nikashuka, ukazimika pale pale. Mwali haukuyumba. Ulififia tu, ukakatika, kama mtu ameubana kwa vidole.

“Mama yangu wee,” mama alinong’ona. “Hataki.”

Mimi nilikuwa nimekasirika kwa woga. Nilitoa kiberiti, nikapiga njiti nikiwa nimesimama. Ikawaka vizuri usawa wa kifua. Nikaishusha polepole. Ilipofika usawa wa mapaja, ikazimika. Nikapiga nyingine: mapaja tena. Upande wa ukuta, mapaja. Ilikuwa kama nimesimama ndani ya maji nisiyoyaona, maji yasiyolowesha, na piki yote imezama ndani yake.

Nilichuchumaa kuangalia chini ya tangi. Nilipaswa kukimbia, lakini nilichuchumaa. Kifua kilianza kupanda na kushuka haraka, chenyewe. Nilivuta, hakuna kitu kilichoingia. Ukuta ulikuwa unaenda mbali. Niliiona mikono yangu kwenye goti, nikashangaa ni ya nani.

“Simama!” Mama alikuwa anapiga kelele. “Mutoto wangu, simama! Haiko muzee! Ni mazuku!”

Mazuku sisi tulijua ni mambo ya upande wa Sake, ya mashambani: pumzi mbaya inayotoka ardhini, inalala mabondeni asubuhi mpaka jua lipande liitawanye, inaua mbuzi na wachungaji wao. Hatukuwahi kufikiri inaweza kukaa nyuma ya jiko letu. Lakini tangu mlima ulipotapika moto na ardhi kutetemeka, kuta za shimo zilikuwa na nyufa, na hakuna aliyezijali.

Sikumbuki vizuri nilivyosimama. Nakumbuka vidole vya mama kwenye kola ya blauzi yangu, na magoti yangu yakisuguliwa na mawe. Juu, hewa iliniingia kama maji baridi. Nilitapika, nikalia. Mama alinishika kichwa mapajani, anaangalia kule chini, na niliona uso wake ukibadilika polepole. Alikuwa anahesabu asubuhi zote za baba kule chini.

“Nilikuwa namupelekea chai,” alisema. “Namuwekea ukingoni, narudi. Alisema kule chini ni baridi, anapumzika vizuri.”



Alasiri, upepo ulipotoka ziwani, tuliitoa piki kwa kamba, majirani wakitusaidia. Juu, iliwaka kwa kiki moja, na asubuhi ikawaka vile vile. Shimo tulilijaza mawe mpaka likawa sawa na uwanja. Mama hapiti juu yake. Anazunguka kwa upande wa nyumba ya jirani hata akiwa na ndoo kichwani, na mimi nazunguka nyuma yake.