Kaka Yangu Ananitumia Kuingilia Uwanjani

Nina miaka kumi na sita, ni Mtanzania, naishi Jeddah, Saudi Arabia, mtaa wa Safa, na wazazi wangu na kaka yangu wa miaka ishirini na mbili. Baba ni fundi wa mitambo ya hospitali, Mama ni muuguzi. Naomba mnifichie jina, kwa sababu kaka yangu anausoma ukurasa huu kila siku. Akijitambua, na ajitambue.

Napenda michezo kuliko kitu chochote. Kabla wanawake hatujaruhusiwa kuingia viwanjani, nilisikiliza kelele za mechi kwenye simu, kaka akinipigia akiwa jukwaani. Tuliporuhusiwa, yeye ndiye aliyenipeleka. Nililia njia nzima kwa furaha. Tangu hapo hajaniacha mechi hata moja ya nyumbani, na shuleni nilikuwa nikijisifu kwamba hakuna mwenye kaka kama wangu.

Timu yenyewe inatia hasira, niseme ukweli. Beki wetu wa kulia akipanda harudi, anatembea kama mtu anayesindikiza wageni. Washambuliaji wanaletwa kwa mbwembwe, kisha wanangoja mpira uwafuate miguuni. Ndiyo maana moyo wangu ulihamia kwenye timu ya mpira wa kikapu ya wasichana wa chuo kimoja hapa Jeddah. Hawana jukwaa, wana viti vya plastiki, na wanaoruhusiwa kuwatazama ni wanawake tu. Lakini wakipoteza mpira wote watano wanarudi mbio. Kocha wao aliniona nikifanya mazoezi shuleni kwetu, akaniambia nije Alhamisi wanapocheza na chuo cha Riyadh. Mechi ikiisha atanijaribu. Kila mwaka huchukua wasichana wawili wa sekondari wafanye mazoezi nao.

Alhamisi hiyohiyo, saa ileile, timu yetu ya mpira wa miguu inacheza na timu ya Riyadh. Nikamwomba kaka anipeleke chuoni. Akacheka.

"Nikakae nje na walinzi nifanye nini? Na ule ni mpira gani, wasichana wanakimbizana kama wameona mjusi."

"Basi nishushe tu, wewe uende uwanjani kwako."

"Bila wewe naingiaje?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Majukwaa ya wanaume hujaa mapema, nafasi zinabaki jukwaa la familia, na mwanaume hapiti kule bila kuwa na mwanamke. Mechi iliyopita tulifuatana na rafiki zake wawili. Mmoja, Mkenya wa Mombasa, aliniambia getini, "Sista, leo sisi sote ni mabro zako, usituangushe." Mlinzi alipouliza kama ni familia moja, nikaitikia. Tulipoingia, wao watatu walikaa pamoja mbele, mimi nikaachwa nyuma na mama mmoja na watoto wake. Nilidhani nafasi zimekosekana. Sasa Alhamisi ameshawaahidi watu wanne.

Nimefundishwa kusema kweli na kumheshimu mkubwa. Nilimwambia kwa adabu kwamba siendi. Akanijibu, "Haya. Usinitafute tena msimu mzima." Kisha akaenda kumwambia Baba kwamba siku hizi simtaki kwa sababu nimepata marafiki wa chuoni. Baba akaniita.

"Mwenzio amekupeleka mara zote hizo, hajalalamika. Wewe mara moja tu inakushinda?"

Kaka alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Baba, anachezea funguo za gari, hanitazami.

Mama ana leseni ya udereva sasa, lakini Alhamisi ana zamu ya jioni, na mambo ya uwanja husema tumalizane na Baba. Teksi peke yangu hawataki. Naweza kumwambia Baba kwamba mwanawe ananifanya dada wa wanaume asiowajua. Nimjuavyo, kaka atagombezwa siku mbili, halafu adhabu itahamia kwangu: sitakanyaga uwanja, wala chuo, wala ukumbi wowote wa michezo, na nitaambiwa ni kwa usalama wangu. Nikinyamaza, Alhamisi nitasimama getini nikidanganya kwa ajili ya watu wanne, na kule chuoni kocha atamjaribu msichana mwingine.

Nina hasira. Nilisubiri miaka yote hii niruhusiwe kuingia, na nilipoingia nikamshukuru mtu aliyekuwa akinibeba kama tiketi.

Kocha anataka jibu langu kesho baada ya shule. Ninyi wenye kaka, na ninyi mlio makaka, niambieni: niseme au ninyamaze? Na kama ni kusema, nianze na neno gani ili Baba amkasirikie anayestahili, na Alhamisi Baba mwenyewe anipeleke chuoni? Naamini anaweza. Hajawahi kuniona nikicheza, na Alhamisi pia atabaki nje na walinzi, lakini kelele atazisikia.