Jiwe la Kusagia Ndani ya Mtumbwi

Naikumbuka asubuhi moja, mwanangu, enzi zile za vijiji vya ujamaa, tulipoamriwa kuhamia ng'ambo ya ghuba ya ziwa, karibu na Kibara. Nilikuwa msichana, nimetoka tu kumaliza shule. Vyombo vyote vilikwisha pakiwa mtumbwini, kasoro bibi yangu. Alikaa ufukweni juu ya jiwe lake la kusagia ulezi, hataki kupanda.

"Mama, acha hilo jiwe," mjomba alimwambia. "Huko tumeahidiwa mashine. Ukilipakia hili, wote tutakuwa chakula cha mamba."

"Wewe mamba watakuacha. Una mifupa mitupu."

Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka. Nyuma ya nyumba tuliyoiacha kulikuwa na makaburi ya wanawe, na hakuna aliyemuuliza kama yuko tayari.

Nikadhani nitamtuliza. Nikamwambia kuhama si jambo geni. Shuleni tulifundishwa kwamba watu wa kale walihama kwa njaa, vita na magonjwa.

"Hizo ni sababu za kuondoka, mjukuu wangu," akasema. "Za kufika je?"

Ndipo akanieleza. Wazee wake walikuwaga visiwani. Udongo ukachoka, ndugu wakaanza kugombania mashamba. Kila kiangazi waliona moshi ng'ambo, wakajua huko kuna watu na ardhi inayolimika. Wakaja kwa maji, na hata walipofika ng'ambo waliambaa ufuko, maana nchi kavu ilikuwa pori lenye mbung'o. Ziwa ndilo lililokuwa barabara. Walipakia moto ndani ya chungu, mbegu za ulezi kwenye kibuyu, na chini kabisa jiwe la kusagia, ili chombo kisiyumbe.

"Anayekimbia hubeba mkuki," bibi alisema. "Anayehama hubeba jiwe. Sasa niambieni, leo tunakimbia au tunahama?"

Mjomba akashusha magunia mawili ya mihogo, akayaacha mchangani ayarudie kesho yake, akainama kuliinua jiwe. Bibi akapanda.

Mashine ile haikufika mwaka ule. Wanawake wa kijiji, wengine wa lugha tusizozijua, wakaja uani kwetu na vikapu vya ulezi. Walisaga kwa zamu, wakaacha kiganja cha unga na habari za makwao. Mvua zilipoanza, kila mtoto alimjua bibi kwa jina. Sisemi uchungu ulimwisha; jioni nyingine nilimkuta akitazama tulikotoka. Lakini alikuwa amefika.

Nasikia nawe unafunga mizigo kuondoka mtaani kwetu hapa Kitaji, mwanangu. Sikuzuii. Mtembea bure si sawa na mkaa bure, na sisi sote huku ni wajukuu wa watu waliovuka. Sababu za kuondoka ni nyingi, na nyingine hukuzichagua wewe, usizionee haya. Ila kabla hujapanda gari, jiulize unabeba nini kitakachowafaa utakaowakuta: ufundi wa mikono, subira, hata sauti nzuri ya kuimbia kanisani. Ukifika, kitoe mapema. Usingoje wakupende kwanza.

Nenda salama. Uendako ukute moshi wa jikoni, na mlango ufunguliwe kabla hujabisha mara ya pili. Mungu aliyewavusha wazee wetu majini akutangulie barabarani.