Gari Litakalomrudisha Saverio Nyumbani

Saa moja asubuhi, Saverio Olweny anafungua dirisha la stoo katika karakana moja ya Bukoto, jijini Kampala, na wanaume wanapanga foleni. Wamefuata misumeno ya kukatia mabati ya asbesto, yale ya kuezekea nyumba za serikali. Saverio hampi msumeno mtu ambaye hajamwonyesha ndoo ya maji.

"Hapana kata kavu," anamwambia wa kwanza. "Mwaga maji kwanza. Mimi nilikula hii vumbi miaka kumi na sita."

Wanamtania kwamba amekuwa mkuu wa kambi, kisha wanakwenda bombani kama alivyowaagiza. Yeye anacheka nao mpaka kikohozi kinamkatiza.

Miezi minane iliyopita Saverio, mwenye umri wa miaka arobaini na minne, alikuwa akishika msumeno mwenyewe, mabati arobaini kwa siku. Kila jioni alirudi kwake mtaa wa Naguru akiwa mweupe pe kwa vumbi, na mkewe, Alum, akaikung'uta ovaroli mlangoni huku watoto wakicheza hapo hapo. Karakana nzima ilikohoa. Wenyewe walikiita kikohozi cha kazi, na aliyepata maziwa aliyanywa akiamini yanateremsha vumbi.

Machi mwaka huu wa 1977, zahanati moja iliyobakiwa na daktari mmoja tu ilipata nafasi ya kuwapiga wafanyakazi hao picha za kifua. Muuguzi wake, Sista Santina, aliandika majina tisa akatuma gari.

Nia ilikuwa njema kabisa, lakini mambo yalikwenda kombo. Gari lilisimama langoni, akashuka mtu wasiyemjua, akakunjua karatasi na kuanza kusoma majina. Hakuna aliyengoja kuuliza. Majirani wawili wa Saverio, watu wa kaskazini kama yeye, waliitwa hivyo hivyo na askari wa usalama mwaka jana kwa sababu ya majina yao, na wake zao wanawasubiri hadi leo. Wanaume tisa wakaruka ukuta wa nyuma.

"Nikasikia Olweny," anasimulia Saverio. "Miguu ikakimbia yenyewe. Mimi nikafuata nyuma."

Alijificha siku nne kwa fundi viatu mmoja Mkongo, akikohoa ndani ya mto ili watu wa nyumba ya pili wasimsikie. Kila kikohozi kilimwacha amechoka kuliko kilichotangulia.

Sista Santina alipotambua alichokifanya, aliona aibu. Hakutuma gari tena. Alivua sare, akapanda kilima cha Naguru kwa miguu, akaketi jikoni kwa Alum na kumenya naye viazi mpaka sufuria ikajaa. Ndipo akasema kilichomleta.

"Mimi sitaki kujua bwana yako, Baba Joska, yuko wapi," alimwambia. "Nataka kusikia kifua yake tu. Wewe mama utakuja na yeye, utasimama kwa mlango."

Alum akamfuata mumewe alikojificha, akaenda naye zahanati. Alisimama mlangoni mwa chumba cha picha, shati la mumewe mkononi, na hakubanduka hadi Saverio alipolivaa tena. Daktari hakuwaficha: mapafu yameanza kupata makovu, lakini pumzi bado ipo, mradi Saverio asikate asbesto tena. Sista Santina ndiye aliyemwandama msimamizi wa karakana mpaka Saverio akapewa stoo. Siku hizi hupimwa kila baada ya miezi sita, na ovaroli yake hailetwi nyumbani.

"Hii makovu haitatoka, daktari aliniambia wazi," anasema. "Lakini huyu Sista alinitafuta sababu ya kifua yangu, si sababu ya jina yangu. Nitamshukuru mpaka nakufa."

Wenzake wawili wamekwisha kupimwa. Sita bado wanaogopa, na wawili kati yao wanakohoa vibaya kuliko yeye. Jumatatu gari la zahanati litakuja tena kuwachukua, na Saverio amekwisha kupatana na dereva, Jafar. Atakaa mbele, kioo cha dirisha kikiwa chini, wamwone. Wakimaliza kupimwa, watapita Naguru mchana kweupe, polepole, wakipiga honi kwenye mlango wa kila mwenzake.

"Wake zao watoke nje," anasema. "Waone hii gari inarudisha watu."